Mafuta ya Mke Mwenza

Chupa ni moja, dawa ni moja. Mkono uliopakwa umepona, mguu uliopakwa umeungua. Haya, wajukuu zangu, tegueni. Mkishindwa leo sitaki mnipe mji, maana kitendawili hiki tulitegewa sisi wenyewe tukashindwa, na mji tuliokaribia kuutoa ulikuwa nyumba ya wifi yangu Mwanahalima.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha lakini nguo bado za kutafuta. Kaka yangu Salehe alikuwa na wake wawili. Mkubwa, Biubwa, alikaa kwetu Vihingo, upande wa Kisarawe, nyumba yake ikitazamana na ya mama yetu. Mdogo, Mwanahalima, alikaa Soga, upande wa Kibaha, kwa sababu kaka alikuwa kibarua wa reli na genge lao lilikuwa karibu na stesheni. Mimi Mwanne nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume wangu wa kwanza. Sikuwa na mtoto wa kunishika nguo, miguu yangu ilikuwa myepesi, basi nikawa mtu wa kati. Ukitoka Vihingo alfajiri utafika Soga jua halijawa kali, kama hukusimama njiani kuzungumza na watu. Mimi nilikuwa nasimama.

Wake wale hawakugombana. Wenza wanaogombana wana nafuu, kila mmoja anajua jiwe linatoka wapi. Hawa walitumiana salamu. Mpe salamu mwenzangu, mpe salamu dada yangu. Na kila salamu ilipofika ilipekuliwa kama mzigo wa magendo.

Sasa Mwanahalima akatokwa na mapele mikononi, yale ya usaha, yanayopasuka hapa yakahamia pale. Zahanati ya huko ilikuwa chumba kimoja, na dresa wake, mfunga vidonda, alikuwa bwana mmoja anaitwa Hemedi, kaptula yake imenyooka kuliko maneno yake. Akampa kaboliki katika kichupa. Dawa ile ina harufu ya lami, harufu ya choo cha stesheni siku anapopita mkubwa. Desturi ya Hemedi ilikuwa kuichanganya mwenyewe kabla ya kuitoa, ila mafuta ya zahanati yalikuwa yamekwisha na mengine hayajaletwa kutoka Dar es Salaam. Basi akamwambia mgonjwa: matone machache tu, changanya na mafuta, ndipo upake. Mwanahalima akakuna nazi, akachemsha tui mpaka likaachia mafuta, akafanya kama alivyoambiwa. Mapele yakakauka. Nilipokwenda kumjulia hali, mikono yake ilikuwa laini, unaweza kusema hakuwahi kuumwa.

Akaniuliza habari za Biubwa. Nikamwambia jembe limemkwangua kwenye muundi, kidonda hakitaki kufunga, na pembeni yake vimeanza vipele vya usaha kama vile vyake. Hakukaa kufikiri. Akamimina nusu ya dawa kwenye kichupa kingine kidogo, kikajaa, akakiziba kwa kitambaa, akachukua na chupa ya mafuta ya nazi, yale yale aliyojipaka yeye, akanifungia vyote kwenye kanga.

"Mwambie dada matone machache, achanganye na mafuta ndiyo apake," akasema. "Mafuta nimempikia, najua hawezi kusimama jikoni."

Biubwa aliipokea dawa kwa mkono wa kulia na mafuta kwa mkono wa kushoto. Nililiona hilo nikalinyamazia. Akazibua chupa ya mafuta, akanusa, akaiinua kwenye mwanga, akaitikisa, akanusa tena.

"Amepika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ulimwona akipika?"

"Nilimwona akimimina."

"Aa," akasema Biubwa, na ile aa yake ilikuwa ndefu kuliko maneno yote niliyotoka nayo Soga.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafagia uwanja nikasikia kilio. Nilimkuta amekaa kizingitini, mguu ameunyoosha mbele kama mguu wa mtu mwingine. Pale alipopaka, ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe kama muhogo uliolowekwa. Kingo zake zilikuwa nyekundu, zimevimba, na malengelenge yalishuka mpaka karibu na kifundo. Chumba kizima kilinuka kaboliki, hata harufu ya moshi ilikuwa imekimbia. Mama akaja na ndoo, akaumwagia mguu maji, akaumwagia tena.

"Nimefanya mlivyoniambia," Biubwa akasema, na jicho lake lilikuwa kwangu. "Nimetia matone machache. Nimechanganya na mafuta. Nimepaka."

Baada ya maneno hayo watu hawakuhitaji kuelezwa. Mke mdogo kapona, mke mkubwa kaungua, na dawa imetoka kwa mke mdogo. Jirani yetu Mwamvita, ambaye hakuna kilio kilichopata kutokea Vihingo yeye asiwepo, akasema dawa nayo siku hizi inajua nani bibi mkubwa. Wengine wakasema mapele yenyewe ya Mwanahalima hayakuwa mapele, alijipaka kitu ili apate kisa cha kwenda kuomba dawa. Wakasema na genge la reli lina watu wa kila kabila, huko hakukosekani mtu wa kumfundisha mtu.

Na mimi sikuachwa, kwa kuwa nilikuwa mkono uliobeba. Wakahesabu niliposimama njiani na kwa nani. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, akaanza kupika mwenyewe. Nikimkaribisha uji anasema ameshiba, huku tumbo lake nalisikia likinguruma.

Salehe alikuja alipopata ruhusa kazini. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliutazama mguu, kisha akatuambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelifuga moyoni. Eti siku moja Mwanahalima alimuuliza kwa mzaha, je, itafika siku awe wake peke yake? Wakati ule alicheka. Sasa mzaha ule ulikuwa umekwisha kuwa ushahidi. Akasema Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Mwanahalima aitwe Vihingo, na mbele ya baba yetu mdogo, Mzee Mwishehe, atampa talaka yake na sababu ataitaja hadharani.

Sababu ndiyo iliyonitisha. Kuachwa watu husahau. Mwanamke aliyeachwa kwa kumuunguza mwenzake hasahauliki, haolewi tena, na wadogo zake wa kike watakaa ndani wakisubiri posa isiyokuja.

Nikafunga safari kwenda Soga. Safari hii sikusimama kwa mtu.

Mwanahalima alikuwa anapepeta mchele. Nilipomweleza, ungo ukabaki mikononi umetulia. Nilidhani atalia. Badala yake akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Wifi," akasema, "siku ile uliposimama njiani, mzigo wangu uliuweka wapi?"

Nikasema moyoni, haya, na huku nako. Sikukasirika. Ningekuwa yeye ningeuliza hilo hilo. Nikamwambia mzigo haukutoka kichwani, na kama haniamini twende wote kwa mwenye dawa.

Hemedi alipotuona wawili mlangoni akadhani tumekuja kumshitaki. Kwanza akasema dawa ile hakuitoa yeye. Kisha akasema aliitoa, ila si kwa mtu wa Vihingo. Kisha akauliza kama Bwana Shauri wa serikali ameshapata habari. Tulipomhakikishia kwamba hakuna aliyekwenda bomani, akarudisha pumzi akatueleza. Kaboliki ikiwa peke yake haina adabu, inakula uchafu wa kidonda na nyama pamoja. Ukiitia kwenye mafuta, mafuta yanaimeza, yanaishika, yanaiachia kidogo kidogo. Vijidudu vya kidonda vinakufa, ngozi inasalimika. Ikikosa cha kuishika, inaunguza.

"Lakini amechanganya na mafuta," nikasema.

"Basi hakudondosha, amemimina," akasema Hemedi, akaanza kukunja bandeji ambazo zilikuwa zimekwisha kunjwa. Tulimwomba aje Ijumaa aseme maneno hayo mbele ya wazee. Akasema Ijumaa ana vidonda vingi. Mwanahalima akatoka nje bila kuaga.

Niliporudi Vihingo jambo la kwanza niliomba kukiona kichupa. Biubwa alikuwa amekificha chini ya mto, kama ushahidi wa mahakamani. Akakitoa lakini hakukiachia, akanionyesha kikiwa mkononi mwake. Kilikuwa karibu kijae. Kwa hiyo hakumimina. Alidondosha, kama alivyosema.

"Unapima nini, wifi?" akaniuliza. "Umetumwa ukirudishe?"

Nikasema sikutumwa. Nikatoka na maji machafu kwenda kuyamwaga nyuma ya jiko lake. Pale chini ya mpapai nikaona sisimizi. Sisimizi ni wadudu wa kila siku, lakini hawa walikuwa wengi kupita kiasi, wamefunika kipande cha ardhi kama kitambaa cheusi kinachotembea, na palipobaki wazi udongo uling'aa. Nikachota kidogo kwa kidole, nikanusa. Nazi. Mafuta ya nazi yaliyopikwa, na si tone moja lililoponyoka.

Kumwaga kwenyewe sikumlaumu sana. Kwetu chakula cha mke mwenzio utakila mbele za watu, utakisifu na kukisifu. Mafuta ya kujipaka ni kitu kingine, yanaingia mwilini na hayarudi. Bibi zetu walituusia tangu tuko wali ndani kwamba mafuta ya mke mwenza hayapakwi. Biubwa alikuwa amefuata usia. Lakini alisema kachanganya na mafuta, na Biubwa hakuwa mwongo. Wivu alikuwa nao, kiburi alikuwa nacho tele, uongo hapana. Mafuta mengine ya nazi hakuwa nayo, kwa sababu tangu aumie ni mimi niliyemkunia nazi, na nilizokuna zilikwenda mchuzini.

Nikaenda kukoka moto kwa mama, na nikikoka najitegea mwenyewe. Yamo katika kila nyumba. Hakuyapika mwanamke yeyote. Hayaungi mchuzi, na jina lake bado ni mafuta.

Nilikuwa nashika koroboi niongeze mafuta, na jibu lilikuwa linanichuruzika vidoleni. Dukani kwetu Vihingo, ukisema nipimie mafuta bila kuongeza neno, mwenye duka anapima ya taa. Ya nazi nani atayanunua, kila mtu anapika kwake. Na mtu akichomwa na mwiba, akikatwa na panga, mtoto akitoka upele, mwenye nyumba anasema mtieni mafuta, na yanayoletwa ni ya taa. Sisi wote tulilisikia neno la Biubwa, kila mmoja akajimiminia mafuta aliyoyataka.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mkono uliobeba ukisema, watasema unajiosha. Ijumaa ilikuwa kesho yake.

Walikusanyika barazani kwa mama. Mzee Mwishehe alikaa kwenye kiti, wanaume kwenye mkeka mkubwa, wanawake upande wa mlangoni. Biubwa aliletwa ameshikwa mabega. Mwanahalima alikuja kutoka Soga na kikapu chake, akatoa shikamoo kwa wakubwa, na marahaba alizoitikiwa zilikuwa za kunong'ona. Hakuna aliyemsogelea kumpa nafasi mkekani. Akakaa kwenye udongo.

Salehe alipokohoa ili aanze, nikaomba kusema. Nikasema nina kitendawili.

"Hapa si pa vitendawili, Mwanne," akasema Mzee Mwishehe.

"Basi ni swali, baba. Namuuliza wifi Biubwa. Dawa uliichanganya na mafuta gani?"

"Mafuta," akasema Biubwa.

"Ya nini?"

"Mafuta, Mwanne. Leo huyajui mafuta?"

Mwamvita akasema labda nimekwenda Soga mara nyingi mno, huko yana jina jingine. Watu wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Ya kula au ya taa?"

Biubwa akamtazama mama, akamtazama mumewe. "Ya taa," akasema. "Ya taa si dawa? Mkwe wangu huyu hapa, mwaka juzi nilipochomwa na mwiba alinitia nini?"

Mama akakiri kwamba alimtia mafuta ya taa na mwiba ukatoka. Minong'ono ikageuka tena, na safari hii ilinigeukia mimi. Mafuta ya taa kila mtu anajipaka, wakasema, na hakuna aliyebambuka ngozi. Salehe akaniambia kama nimemaliza nikae.

Sikukaa. Nikaleta visahani viwili vya mama. Kimoja nikakitia mafuta ya nazi, kingine ya taa. Nikamwomba Biubwa kichupa, na hakukitoa mpaka Mzee Mwishehe aliponyoosha mkono, kwa hiyo aliyedondosha matone ni mzee mwenyewe. Kwenye mafuta ya nazi dawa iliingia, nikakoroga kwa kijiti cha ufagio, ikapotea, isionekane tena. Kwenye mafuta ya taa matone yalizama yakakaa chini. Nikakoroga. Yakakimbiakimbia kama ushanga, yakarudi yakakusanyika pale pale chini, dawa peke yake na mafuta peke yake juu. Mzee akainama mpaka kofia ikamwanguka.

Nikachovya kijiti kwenye kisahani cha nazi, nikajipaka mkono wa kushoto. Nikachukua kijiti kingine, nikakichovya mpaka chini kwenye kisahani cha mafuta ya taa, nikajipaka mkono huo huo, mbele kidogo. Nikaunyoosha watu wauone.

Mwamvita akaniambia nijipake na usoni nipate kuolewa. Hakuna aliyecheka. Pale pa nazi palipata joto kidogo, pakatulia. Pale pengine palianza weupe, kama chokaa imedondoka, kisha pakaanza kuuma. Nikabana meno. Pembeni pakawa pekundu, machozi yakanitoka bila mimi kuyaita, na bado nimeunyoosha mkono, mpaka Mzee Mwishehe akamwambia mama alete maji haraka.

"Dawa ni hiyo hiyo," nikasema wakati mama ananimwagia, "mkono ni huo huo, na Mwanahalima yuko kule chini hata hajanigusa."

Salehe aliuangalia mkono wangu, akaviangalia visahani. Kisha akamuuliza Biubwa kwa nini hakutumia mafuta aliyoletewa na dawa. Nilidhani Biubwa atakana, na nilikuwa tayari kuwapeleka watu kwa sisimizi wake. Hakukana.

"Niliyamwaga," akasema. "Dawa niliiamini, imetoka kwa dresa. Niliyoyaogopa ni mafuta, yametoka kwake." Akawageukia wanawake waliokaa mlangoni, mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi mngepaka?"

Wanawake wakatazama mkeka. Hata mimi niliutazama.

Salehe akasema basi, limekwisha, hana la kutamka. Akataka kuinuka.

"Unalo," akasema Mwanahalima. Ndiyo mara ya kwanza kusema tangu atoe shikamoo. "Uliwaita watu hawa waje wasikie mimi ni nani. Hawajasikia bado. Waambie."

Kaka yangu alikuwa mtu mzito kwa jambo hilo. Alimtazama Mzee Mwishehe kuomba msaada, na mzee akawa anatafuta kofia yake. Ikabidi aseme, mbele ya wanaume aliotoka nao msikitini, kwamba alimdhania mkewe ubaya na mkewe hakuwa na ubaya. Alisema kwa sauti ndogo. Mwanahalima akamwomba arudie, eti mama mkwe hakusikia. Akarudia.

Hapo wengine walianza kukusanya ndara zao. Mwanahalima hakuinuka kwenda kwa mumewe, wala hakumtazama. Alifungua kikapu chake, akatoa chupa ya mafuta ya nazi, mapya, meupe bado kwa upya wake, akaenda akapiga magoti mbele ya Biubwa. Akasema mguu ule ngozi yake inakauka na itapasuka, wenyewe dawa hauhitaji tena, unahitaji mafuta matupu.

Biubwa akauvuta mguu chini ya kanga.

"Anza wewe," akasema.

Mwanahalima akamimina kiganjani, akajipaka mkono mmoja mpaka kwenye kiwiko. Tukangoja. Watu waliokwisha vaa ndara wakasimama. Mkono uling'aa tu.

"Na usoni," akasema Biubwa.

Akajipaka usoni, mashavu yote mawili na paji, polepole, macho yake yakiwa kwenye macho ya mwenzake. Kisha Biubwa akautoa mguu, kidogo kidogo, akauweka kwenye mapaja ya mke mwenzake, na macho yake hayakubanduka kwenye ule mkono uliokuwa unampaka mpaka ulipomaliza.